Betri ndani ya buti: kile kibomba chembamba cha mpira si cha kutupa

Ndugu uliyeuliza kutoka Mbale, nimesoma maelezo yako mara mbili ili nisije nikajibu jambo ambalo hukuliuliza. Umesema kwamba gari lako ni BMW ya zamani ya muundo wa E46 ambayo betri yake hukaa ndani ya buti, upande wa kulia. Kwamba fundi alikubadilishia betri mwezi uliopita. Kwamba baada ya kazi ulikuta kibomba chembamba cha mpira kinaning'inia kando ya betri bila kushikana na chochote, naye akakuambia hakina kazi. Na kwamba sasa, ukiwa safarini na vioo vimefungwa, unasikia harufu kama ya mayai viza. Unauliza kama fundi yuko sahihi. Hayuko sahihi, na ningekuomba usifanye safari nyingine ndefu, hasa ukiwa umebeba watoto, mpaka kibomba hicho kirudishwe mahali pake na umeme wa altaneta, kile kifaa cha injini kinachochaji betri, upimwe.

Nasema hivi kwa sababu yalinipata. Mimi sina cheti cha ufundi. Nimeendesha magari kati ya Kampala na Arua kwa miaka mingi, na matengenezo madogo nimejifunza kwa kulazimika, kwani njia ile ina vipande virefu ambapo ukiharibikiwa unabaki wewe na spana zako. Nilikuwa na BMW ya muundo wa E46 ambayo betri yake ilikufa, nikanunua nyingine kwenye kibanda kando ya barabara, kijana akaifunga kwa dakika kumi, gari likawaka, nikashukuru. Kibomba alikiacha kimelala sakafuni. Wiki chache baadaye nilimpakia shangazi yangu kwenda naye Arua. Tangu Luweero alikuwa ameshusha kioo na kuweka leso puani bila kusema neno, na tulipovuka daraja la Karuma ndipo aliponiambia taratibu, "Mwanangu, hili gari lako lina kitu kinachooza." Nilidhani ni samaki. Tuliposimama Pakwach nikafungua buti, nikakuta betri ina joto la kutogusika, zulia limelowa upande mmoja, na chini ya zulia rangi ya bati imeanza kuvimba malengelenge. Nilipopima siku iliyofuata, injini ikiwa inanguruma, altaneta ilikuwa inatoa volti 15.8, kumbe kidhibiti chake kilikuwa kimekufa. Betri ilikuwa inachemshwa njia nzima, na mvuke wake wote ulikuwa unabaki humo ndani pamoja nasi.

Sababu ya jambo hilo si ngumu kuielewa. Betri ya kawaida ya gari ina vyumba sita, na ndani yake mna mabamba ya madini ya risasi yaliyozama katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Inapokaribia kujaa, umeme unaozidi hauna tena kazi kwenye mabamba, kwa hiyo huanza kuyavunja maji yenyewe kuwa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Kwa altaneta iliyo nzima, gesi hiyo ni kidogo; umeme ukizidi, au joto likipanda kama linavyopanda huku kwetu gari likishinda juani, gesi huwa nyingi na hubeba ukungu wa asidi. Haidrojeni haina harufu wala rangi, ni nyepesi kuliko hewa, na ikifikia kiasi cha asilimia 4 ya hewa iliyomo mahali palipofungika, cheche moja yatosha kuilipua. Harufu ya mayai viza unayoisikia si haidrojeni hiyo, bali ni gesi nyingine yenye salfa, ambayo ni sumu na hutoka hasa betri inapochajiwa kupita kiasi. Maana yake ni kwamba pua yako inakupa habari ya tatizo la pili juu ya lile la kibomba.

Betri iliyoko chini ya boneti hupumua ovyo na hakuna anayejali, kwa kuwa upepo unapita. Iliyoko ndani ya buti, au chini ya kiti kama ilivyo katika magari mengine, haina upepo. Ndiyo maana waliotengeneza gari waliweka kibomba kinachotoka ubavuni mwa betri, kikapita kwenye tundu la sakafu na kumwaga hewa hiyo nje, chini ya gari. Toyota Prius nazo, ambazo siku hizi tunaziona Kampala, nyingi zina betri ndogo ya volti 12 nyuma kwenye buti pamoja na kibomba cha namna hiyo hiyo. Ila katika hizo usiguse kabisa nyaya nene za rangi ya chungwa, kwani hizo ni za betri kubwa ya kuendeshea gari, na umeme wake huua mtu.

Sasa nieleze jinsi ninavyobadilisha betri ya namna hii, nawe unaweza kuifuata kazi hiyo mwenyewe au kusimama kando ya fundi ukimwangalia. Kwanza fungua buti na vioo, uache hewa ipite kwa muda kabla ya kugusa chochote. Usivute sigara, wala usimruhusu mtu kumulika kwa kiberiti. Zima kila kitu, toa ufunguo, ungoje kama robo saa ili kompyuta za gari zilale. Buti lenyewe liache wazi mpaka mwisho wa kazi, kwa sababu kufuli lake huenda likategemea umeme, na ukilifunga betri ikiwa imeng'olewa waweza kujikuta unakunja viti ili utambae kuingia. Kama redio yako inadai namba ya siri, itafute kabla.

Vaa miwani ya kazi na glavu. Hapa sitapita haraka, kwa maana nimeshuhudia. Katika gereji moja mjini Jinja, betri ilikuwa imelazwa kwenye chaja usiku kucha, na asubuhi kijana mwanafunzi akavuta vibano vya chaja kabla ya kuzima swichi ukutani. Cheche iliyotoka ilikuwa ndogo kama ya kiberiti kibovu, lakini mfuniko wa betri ulipasuka kwa kishindo na asidi ikamrukia usoni. Kilichookoa macho yake ni pipa la maji lililokuwa karibu na mzee mmoja aliyemkamata kichwa na kumwagia maji, akayashikilia macho yawe wazi, bila kukoma, zaidi ya robo saa, ndipo wakampeleka hospitali. Tangu siku ile sianzi kazi ya betri bila jerikeni ya maji safi kando yangu. Chaja nayo huzimwa ukutani kwanza, ndipo vibano viondolewe.

Spana namba 10 hutosha kwa vichwa vya betri, na namba 13 mara nyingi kwa kishikizo cha chini. Anza kulegeza kibano cha waya kwenye kichwa hasi, kile chenye alama ya kutoa, ukitoe na kukisogeza mbali. Kibano cha kichwa chanya, ambacho mafundi wengi hukiita plasi, kifuate baadaye. Mpangilio huu una sababu yake: bodi yote ya gari imeungwa na upande hasi, kwa hiyo ukianza na chanya na spana ikagusa bati, umeme wote wa betri utapita kwenye spana hiyo, iwake nyekundu mkononi mwako, na cheche itokee hapo hapo penye gesi. Wakati wa kurudisha, geuza mpangilio: chanya kwanza, hasi mwisho. Katika BMW za aina yako kibano cha chanya huwa kimebeba kifaa kidogo cha baruti ambacho hukata waya mnene wakati wa ajali, hivyo usikigonge kwa nyundo wala usikinyonge kwa bisibisi. Kisha chomoa kibomba ubavuni mwa betri kwa vidole, ulegeze kishikizo, na uinyanyue betri ikiwa imesimama wima. Uzito wake hupita kilo 15, kwa hiyo ukiwa na mgongo wa umri wangu, mwite mtu.

Kabla ya kuweka mpya, tazama palipokaa ya zamani. Ukiona unga mweupe au wa kijani, nyunyiza magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji. Yatatoa povu, na povu likikoma ujue asidi imekwisha nguvu, nawe usuuze, ukaushe na upake rangi. Mimi nilichelewa, na sakafu ya buti langu ilibidi ichomelewe kiraka.

Kuhusu betri ya kununua, kosa lililotupata mimi nawe lilianzia dukani. Betri nyingi zinazouzwa hapa ni za vipimo vya Kijapani, kwa sababu barabara zetu zimejaa Toyota, na maandishi yake huwa kama 55D23L, ambapo 23 ni urefu wake kwa sentimita, takriban, na herufi ya mwisho huonyesha upande wa vichwa. Gari lako linataka betri ya umbo la Kiulaya, yenye ukingo chini wa kushikwa na kishikizo, na yenye tundu la kupumulia ubavuni. Ukiweka ya Kijapani itakaa bila kushikwa, waya hautafika vizuri, na nimeona fundi akipigilia msumari kati ya kibano na kichwa chembamba ili kijae. Mwulize muuzaji akuonyeshe tundu kwa kidole. Nyingi zina matundu mawili, moja kila upande: moja linapokea kiwiko cha plastiki na kibomba, na la pili huzibwa kwa kizibo kidogo kinachokuja na betri. Usizibe yote mawili, kwa kuwa betri isiyopumua huvimba na kupasuka. Kama gari lilikuja na betri ya AGM, ile ambayo asidi yake imefyonzwa katika nyuzi za kioo, rudishia AGM; nayo, ingawa huitwa imefungwa, ina vali ambayo hufunguka presha ikizidi, kwa hiyo inahitaji kibomba vilevile. Pima volti kabla ya kulipa. Iliyojaa husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 12.4 imekaa sana rafuni, mwambie akuchajie au akupe nyingine.

Kibomba chenyewe kikague kwa kupuliza hewa ya pampu ya tairi upande wa juu, mwenzako akiwa ameweka kiganja chini ya gari. Changu kilikuwa kimezibwa kwa udongo mkavu, nikadhani ni tope la barabara ya Nebbi, kumbe ni nyigu waliojenga humo. Hakikisha hakijakunjika mahali popote, hakipiti karibu na bomba la moshi, na ule mpira unaokizunguka pale kinapotoboa sakafu bado upo, la sivyo vumbi na maji vitaingia. Kikiwa kimekatika, mpira wowote wa kipenyo hicho usioharibiwa na asidi utafaa, na ni wa bei ya chini kabisa katika habari hii yote. Mafundi wa Kisekka, soko la vipuri vya magari kule Kampala, watakutafutia.

Ukishafunga kila kitu, washa gari na upime kwenye vichwa vya betri. Kati ya 13.8 na 14.5 ni sawa. Ikipita 15 zima injini, usiendeshe, utafute mtu wa kukagua kidhibiti cha altaneta. Kwako wewe, kwa harufu hiyo uliyoieleza, nadhani ndipo utakapolikuta tatizo, na ukiirudishia kibomba tu bila kupima, betri mpya nayo itachemka, tofauti ikiwa kwamba itachemka bila wewe kuisikia. BMW za baada ya muundo wako huhitaji pia kutambulishwa betri mpya kwa mashine ya kompyuta, lakini E46 haidai hilo. Siku gari lako likihitaji kushtuliwa, yaani kuwashwa kwa umeme wa gari jingine, usibane nyaya kwenye betri ndani ya buti. Chini ya boneti kuna kichwa chanya kilichofunikwa kwa kifuniko cha plastiki, kimewekwa kwa kazi hiyo mbali na gesi.

Betri kuukuu mrudishie muuzaji, ambaye kwa kawaida atakupunguzia bei kwa sababu ya risasi iliyomo, lakini mpe ikiwa nzima na asidi yake ndani. Wapo wanaoimwaga asidi hiyo mtaroni nyuma ya kibanda ili betri ipungue uzito, mahali ambapo watoto huchezea na kuku hudonoa. Na kama hiyo uliyofungiwa mwezi uliopita haina tundu lolote ubavuni, usikubali kutobolewa tundu kwa msumari wa moto. Irudishe ikiwa na risiti yake, uongeze tofauti ya bei, upewe inayofaa gari lako.