Jibu: Malaria na minyoo pamoja, mimba ya miezi mitano

Pole sana dada wa Katuba. Umeuliza kama kinga yako imekwisha kwa kuwa umekutwa na malaria na minyoo kwa mara moja. Haijaisha. Wakati wa mimba kinga hujirekebisha ili isimshambulie mtoto.

Linalonitia wasiwasi ni damu. Safura, aina ya minyoo, hunyonya damu tumboni, malaria huvunja chembe nyekundu, kwa hiyo upungufu huja upesi. Tena vijidudu vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma. Mwanamke wa mimba ya kwanza bado hana askari wa mwili (kingamwili) wa kuvitambua pale. Mimba zinazofuata huwa nao, ila VVU huwadhoofisha. Kondo likiumia, mtoto hupata chakula kidogo, hata kinga ya mama, kama ile ya surua, humfikia pungufu.

Kwa miezi mitano dawa ya minyoo inaruhusiwa. Maliza kwanza tiba ya malaria, kisha uliza CPN (kliniki ya wajawazito) lini uanze Fansidar, dawa ya kukukinga na malaria. Kama unatumia dawa ya Bactrim kwa sababu ya VVU, waambie mapema: hizo mbili hazichanganywi. Omba pia wapime kiwango cha damu yako.