Maswali ya Wasomaji: Kiswahili Kinatafuta Nini Katika Filamu ya Kutisha ya Marekani?

SWALI: Mhariri, salamu. Majuzi nilitazama filamu ya Get Out, na mara baada ya yule kijana kutekwa barabarani usiku, nikasikia wimbo wa Kiswahili. Hadithi yenyewe ni ya Marekani, wala hakuna Mswahili ndani yake. Je, lugha yetu imewekwa kama pambo tu? Na je, kumpa mtu mweusi nafasi ya mhusika mkuu kunatosha kuwa uwakilishi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Wimbo huo unaitwa "Sikiliza Kwa Wahenga", na mtunzi wake ni Michael Abels, aliyetunga muziki wa filamu hiyo ya mwaka 2017. Sisi tungesema "wasikilize wahenga", lakini tusiwe wakali mno, kwa kuwa ujumbe unaeleweka: wahenga wanamwonya ndugu yao akimbie, ajiokoe. Chris, mhusika mkuu, anayeigizwa na Daniel Kaluuya, Mwingereza mwenye wazazi kutoka Uganda, haijui lugha hiyo, wala watazamaji wengi wa kwao hawaijui. Wewe wa Tanga uliipata siri kabla yake. Wahenga wengi wa Wamarekani weusi walitoka Afrika Magharibi na ya Kati, si pwani yetu, ila tangu miaka ya 1960 wengi wao wamekifanya Kiswahili kuwa alama ya asili yao, kama inavyoonekana katika sikukuu ya Kwanzaa iliyoanzishwa mwaka 1966. Kwa hiyo si pambo. Ni onyo la ukoo lililomfikia mtu aliyekwisha kupokonywa lugha ya kulisikia.

Ama swali lako la pili, jibu langu ni kwamba haitoshi. Mwaka 1968, katika filamu ya Night of the Living Dead, Duane Jones aliigiza shujaa mweusi, lakini kilichowatisha watu usiku kucha ni wafu, si rangi yake. Jordan Peele, aliyeandika na kuongoza Get Out, aliichota hofu yenyewe kutoka maisha ya mtu mweusi, na tena hakuipitishia kwenye matusi bali kwenye sifa. Chris anapokwenda kwa wazazi wa mchumba wake mzungu, baba mkwe mtarajiwa anajigamba kwamba angempigia Obama kura mara ya tatu; wageni wanaushangilia mwili wa Chris kama wanunuzi mnadani; naye kipofu mmoja anasema rangi haimhusu, kumbe anayataka macho ya Chris. Mama wa mchumba anakoroga chai ili kumpumbaza akili, na Chris anazama gizani, akiyaona maisha yake kwa mbali kama kwenye televisheni, asiweze kupiga kelele. Hapo mtazamaji wa rangi yoyote analazimika kuogopa akiwa ndani ya Chris, na huo ndio uwakilishi ninaouthamini kuliko hesabu ya nyuso.

Hata hivyo, filamu hii ina upungufu wake. Wazungu wa hadithi hii huhamishia bongo zao katika miili ya weusi, na yule mwanamke mweusi aliyefungiwa hivyo ndani ya mwili wa Georgina, mtumishi wa nyumba, hatuambiwi hata kama hilo ndilo jina lake. Tunaachiwa chozi moja tu. Miaka 2 baadaye, katika filamu ya Us, Peele alimpa Lupita Nyong'o, Mkenya, nafasi mbili kwa pamoja, ya anayewindwa na ya anayewinda, na safari hii mwanamke aliyefungiwa gizani alipanda juu na kusema yake mwenyewe.