Anza na mto mmoja: ninavyochagua mvinyo wa Kifaransa

Chupa ya kwanza ya Kifaransa niliyonunua kwa hela yangu mwenyewe iliandikwa Vouvray. Nilikuwa mjini Tours, Ufaransa, mwaka wangu wa kwanza wa masomo, na nilikuwa nimewaalika wenzangu wawili kula samaki. Niliichagua kwa sababu lebo ilinipendeza na bei haikunitisha. Tulipoonja tukatazamana. Mvinyo mtamu kama asali, na samaki wetu yuko mezani na limau yake na chumvi yake. Neno moelleux lilikuwepo kwenye lebo, kwa herufi ndogo. Sikujua kwamba linamaanisha mvinyo ulioachiwa sukari nyingi ya zabibu.

Kilichoniuma zaidi nilikijua wiki chache baadaye. Vouvray hutengenezwa kwa Chenin Blanc. Mimi ni mtoto wa Dodoma. Baba ana ekari mbili za mizabibu kule Hombolo, na karibu nusu yake ni Chenin hiyohiyo. Nimebeba vichala vyake kwenye ndoo tangu nikiwa shule ya msingi. Kumbe nilikuwa nakunywa zabibu ninayoijua kwa mikono yangu, na lebo haikuitaja jina hata mara moja.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwamia. Tumezoea chupa za Afrika Kusini zinazoandika zabibu kwa herufi kubwa, tukifika kwenye rafu ya Ufaransa tunakuta majina ya vijiji. Lakini fikiria mchele wa Kyela. Ukimwambia mtu umemletea mchele wa Kyela hakuulizi mbegu gani, kwa sababu jina la mahali limeshamwambia harufu na ladha. Wafaransa wamelifanya jambo hilo kuwa sheria. Tangu 1935 wana mfumo wa appellation d'origine contrôlée, ambao kila jina la mahali limewekewa mipaka ya mashamba, zabibu zinazoruhusiwa na kiwango cha juu cha mavuno kwa hekta. Ukisoma Chablis, umeshasoma Chardonnay. Ukisoma Sancerre nyeupe, hiyo ni Sauvignon Blanc. Chinon nyekundu ni Cabernet Franc. Beaujolais nyekundu ni Gamay. Alsace wao huandika zabibu waziwazi, na chupa nyingi za Pays d'Oc kule kusini pia, kwa hiyo ukiwa na haraka hizo zitakusaidia.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usijaribu kuijua Ufaransa yote. Chagua mto mmoja, uufuate mwaka mzima. Mimi niliufuata Loire, kwa kuwa ndio uliopita mbele ya chumba changu, na bado naamini hakuna shule nzuri kuliko huo. Ni mto mrefu kuliko yote Ufaransa, zaidi ya kilomita 1,000, na ukingoni mwake utakuta karibu kila aina ya mvinyo: mkavu (yaani usio na utamu), mtamu, mwekundu, wenye mapovu. Bei zake mwanafunzi anaziweza. Kwa euro 10 hadi 15 unapata chupa iliyofanywa kwa uangalifu na mtu mwenye shamba lake.

Karibu na bahari, kuzunguka Nantes, kuna Muscadet: mwepesi, mkavu, mzuri kwa chaza na samaki. Tafuta maneno sur lie, maana yake umekaa juu ya masimbi ya hamira hadi ulipotiwa chupani, na huko ndiko unakopata unono wake. Panda mto ufike Anjou, karibu na mji wa Angers, ukutane na Chenin. Savennières ni Chenin kavu, nzito, yenye msimamo. Ng'ambo ya pili, kwenye kijito cha Layon, Chenin ileile inakuwa tamu kabisa. Asubuhi za vuli ukungu hupanda kutoka kwenye maji ukatanda juu ya mizabibu, na unyevu huo hukuza ukungu kwenye maganda ya zabibu. Kiswahili chetu kimeviita vitu hivyo viwili kwa jina moja, na pale Layon kimoja kweli humzaa mwenzake. Ukungu huo hauozeshi zabibu ovyo. Hunywa maji yake, ukaacha sukari na uchachu vimejikusanya. Wavunaji hupita shambani mara kadhaa wakichagua zilizoiva hivyo.

Vouvray yenyewe nilikwenda kuitembelea baadaye, nikiwa bado na kinyongo cha yule samaki. Mashamba yako juu ya mwamba wa chokaa laini unaoitwa tuffeau. Chini yake ni mapango yaliyochimbwa wakati watu wakitoa mawe ya kujengea nyumba na makasri ya bonde lile. Leo mapipa na chupa vinalala humo, kwenye ubaridi usiobadilika kiangazi wala kipupwe. Mama mmoja mwenye shamba alinimiminia glasi tatu akazipanga mbele yangu: sec, demi-sec, moelleux. Zabibu moja, kijiji kimoja, mkulima mmoja. Ya kwanza ilikuwa na uchachu wa tufaha bichi. Ya pili ilikuwa na utamu kidogo, unaopita haraka. Ya tatu ndiyo ile niliyoifahamu, ila safari hii niliinywa na kipande cha jibini la bluu, na nikaelewa kwamba chupa yangu ya kwanza haikuwa mbaya. Niliiweka tu mbele ya chakula kisicho chake. Nakuomba ufanye zoezi hilo la glasi tatu kabla ya kununua kitabu chochote.

Bordeaux naijua, na siisemi vibaya. Lakini si mahali pa kuanzia. Madaraja maarufu ya ubora wa mvinyo wa kule yalipangwa 1855 kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, na upande wa mvinyo mwekundu badiliko linalokumbukwa ni la 1973, shamba la Mouton Rothschild lilipopandishwa daraja la kwanza. Majina hayo yana bei inayomfanya mwanafunzi aogope kufungua chupa. Na mvinyo mwekundu wa Médoc, sehemu ya Bordeaux, ambao bado haujakomaa na wenye zabibu ya Cabernet Sauvignon nyingi, una ukakasi unaobana ulimi kama ndizi mbichi. Ukiutaka, anzia ng'ambo ya pili ya mto, upande wa Saint-Émilion, ambako zabibu ya Merlot inatawala na kinywa kinapata nafasi ya kupumua.

Kuna maneno ya lebo ambayo nimejifunza kutoyategemea. Vieilles vignes maana yake mizabibu mikongwe, lakini sheria haisemi ukongwe unaanzia miaka mingapi. Grand vin de Bordeaux haikuahidi daraja lolote. Kwenye Champagne, extra dry ni tamu kuliko brut: brut ina sukari chini ya gramu 12 kwa lita, ile nyingine gramu 12 hadi 17. Na angalia sana majina yanayofanana. Pouilly-Fumé iko Loire na ni Sauvignon Blanc, Pouilly-Fuissé iko Bourgogne na ni Chardonnay. Neno ninalolitafuta mimi ni mis en bouteille au domaine, kwa sababu linaniambia mvinyo ulitiwa chupani palepale shambani.

Ukiwa na sherehe na pesa ni ya kuhesabu, acha Champagne ukachukue Crémant de Loire. Mapovu yake yanapatikana kwa njia ileile ya kuchachuka mara ya pili ndani ya chupa.

Dukani, nenda kwa muuza mvinyo mwenye duka lake, wanayemwita caviste. Anza na bonjour kabla ya swali lolote. Sisi tunaojua uzito wa salamu tunalielewa hilo bila kufundishwa. Kisha mtajie chakula utakachopika na kiasi ulichonacho, kwa sauti, bila aibu: "Nina euro 12, napika kuku wa nazi." Mimi miezi ya mwanzo nilikuwa naficha bei, nikitumaini atakisia, na nilikuwa natoka na chupa zilizonizidi. Siku nilipoitaja, aliniletea Vouvray demi-sec, na tangu siku hiyo sijapata rafiki mzuri kuliko huo kwa vyakula vyetu vya nazi na pilau. Pilipili na ukakasi haviketi pamoja, lakini utamu kidogo huituliza pilipili. Nyama choma mpe Chinon, au ukipenda yenye harufu ya pilipili manga, Syrah ya Crozes-Hermitage kutoka Rhône ya kaskazini.

Kwa aliye Dar au Mombasa kuna jambo moja zaidi: joto. Ukiona chupa imesimama dirishani kwenye jua, au kizibo kimejisukuma juu ya mdomo wa chupa, iache, hata iwe na jina gani. Na ule msemo wa kunywa mwekundu kwa joto la chumba ulizaliwa kwenye nyumba za baridi. Chumba chenye nyuzi 30 kinauua. Uweke kwenye friji nusu saa kwanza.

Mwaka jana nilimpelekea baba chupa ya Savennières ya 2021. Alinusa, akanyamaza, akanywa, kisha akaitambua Chenin yake kabla sijamwambia. Akauliza kwa nini wameandika mwaka. Nikamweleza kwamba kule wanavuna mara moja tu, na kwamba Aprili ya 2021 baridi kali ilishuka usiku ikaunguza machipukizi sehemu nyingi za Ufaransa, wakulima wakakesha wakiwasha moto katikati ya mistari ya mizabibu. Chupa ya mwaka ule huwezi kuisoma kama ya mwaka mwingine. Baba, anayevuna mara mbili kwa mwaka, akaweka glasi chini.

"Kwa hiyo wakikosa, wamekosa mwaka mzima?"

"Mwaka mzima, baba."

Akaigeuza chupa akautazama tena ule mwaka. Halafu akataka kujua wanapogoa mwezi gani.