Soma chuoni usichoweza kujisomea chumbani: kupanga miaka minne ya uhandisi wa umeme na kompyuta

Kila dirisha la udahili likifunguliwa, wadogo zangu huniletea swali lile lile: nisome umeme, elektroniki, mawasiliano au kompyuta? Wengine wanakesha nalo kana kwamba wakikosea jina la kozi maisha yameharibika. Ukweli ni kwamba majina hayo yametengana mbali kuliko masomo yenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, umeme unasomwa Mlimani na uhandisi wa kompyuta uko Kijitonyama, kwenye ndaki ya TEHAMA. DIT ya Dar es Salaam na MUST ya Mbeya nao wana mgawanyo wao. Lakini chukua mitaala miwili uilinganishe ukurasa kwa ukurasa: hesabu, fizikia ya umeme, saketi, elektroniki, mantiki ya kidijitali, kuandika programu. Njia zinaanza kuachana mwaka wa pili, na zinaachana hasa mwaka wa tatu. Kwa hiyo unachochagua sasa ni mlango wa kuingilia tu. Chumba utakachokaa utakichagua ukiwa ndani.

Ukitaka kuona kwa nini umeme na kompyuta vinakaa pamoja, tazama mita ya LUKU iliyopo ukutani kwenu. Ndani yake kuna sehemu inayopima volti na ampea za umeme unaokamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Kuna saketi inayobadilisha vipimo hivyo kuwa namba. Kuna maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, inayozidisha namba hizo na kuzijumlisha mpaka zipatikane uniti. Kuna rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayokata umeme uniti zikiisha, na rilei hiyo lazima ihimili ampea nyingi kwa miaka bila kuungua midomo. Halafu zile tarakimu 20 unazobonyeza ni ujumbe uliofungwa kwa msimbo wa siri. Mita inaufungua yenyewe, bila intaneti, inajua umenunua uniti ngapi na kama tokeni hiyo imeshatumika.

Bila shaka unakumbuka mwaka 2024, wateja walipotakiwa kuingiza tarakimu za ziada kabla ya Novemba 24. Mtaani yalisemwa mengi. Sababu yenyewe ni fupi: kila tokeni hubeba muda iliotengenezwa, ukihesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24, yaani tarakimu 24 za 0 au 1. Biti 24 zinafika dakika 16,777,216, yaani karibu miaka 32, kisha zinarudi sifuri. Mita za mfumo huo duniani kote zilikuwa zinaelekea tarehe moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeelewa mantiki ya kidijitali anaweza kulifanya hesabu hilo kwa kikokotoo cha simu.

Basi jiulize: kwenye mita hiyo, ungependa kutengeneza kipande kipi? Anayependa rilei na nyaya zinazoileta ana asili ya umeme mkubwa. Anayevutwa na ile saketi ya kupimia ni mtu wa elektroniki. Wa maikrokontrola na msimbo wa siri ni mtu wa kompyuta, na anayewaza jinsi mita ingeweza kuripoti matumizi kwa redio mpaka ofisini ni mtu wa mawasiliano. Hujui bado? Vizuri, wengi hawajui. Ila hakuna hata mmoja kati ya hao wanne anayekwepa masomo ya msingi, na hapo ndipo mipango ya wengi inapovunjika.

Masomo ya digrii hii yamefungamana. Kalkulasi na namba changamano za mwaka wa kwanza zinabeba saketi za mkondo geu, yaani umeme wa AC. Saketi na mageuzo ya Laplace (njia ya kihisabati ya kurahisisha milinganyo ya saketi) vinabeba somo la ishara na mifumo. Ishara na mifumo linabeba udhibiti, mawasiliano na uchakataji wa sauti na picha. Upande wa pili, fizikia ya sumaku inabeba transfoma na mota, na hizo zinabeba mifumo ya umeme mkubwa. Mantiki ya kidijitali inabeba maikroprosesa. Siku ya kwanza ukipewa kitabu cha mwongozo wa masomo, chukua karatasi kubwa uchore mishale: somo gani linadai lipi kabla yake. Utaona mapema kwamba masomo mawili au matatu yana mishale mingi kuliko mengine yote. Ukipata sapu, yaani mtihani wa marudio, kwenye somo lisilo na mshale, utalimaliza na kusonga. Ukiburuza saketi au ishara na mifumo, umejifungia masomo ya mwaka mzima unaofuata, hata kama GPA yako bado inapumua.

Wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuoni kwa kufeli, mwaka wa kwanza mara nyingi ni mshtuko wa uhuru na kukosa kuhudhuria. Mwaka wa pili ni habari nyingine, maana unawaangusha hata wenye bidii. Kidato cha sita, mtu wa PCM anaweza kufaulu kwa kupiga pepa zilizopita mpaka akaota maswali. Chuoni mbinu hiyo inakufikisha mwisho wa mwaka wa kwanza, halafu inakuacha njiani. Desa, yaani maelezo na majibu, la waliotangulia litakuonyesha hatua za kutatua saketi ile ile waliyopewa wao. Mwalimu akibadilisha mahali pa kapasita moja, umekwama.

Chukua hizo namba changamano. Sekondari nyingi zinafundishwa kama mazoezi ya akili tu, na mwanafunzi anatoka akiamini ni kitu cha kubuni kisichoshikika. Mwaka 1893 Charles Steinmetz alionyesha jinsi ya kuzitumia kwenye saketi za mkondo geu, na tangu hapo kazi iliyohitaji kurasa za kalkulasi ikawa hesabu ya kujumlisha na kugawanya. Matokeo yake yanaonekana kwenye ankara. Kiwanda kinachotumia kilowati 400 kwa pawa fekta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) ya 0.7 kinavuta kVA 571 (kipimo cha umeme wote unaovutwa) kutoka kwenye gridi. Kikifunga kapasita na kufika 0.95, kazi ni ile ile lakini kinavuta kVA 421. Wateja wakubwa hapa kwetu hutozwa pia kwa kVA, si kwa uniti peke yake, kwa hiyo tofauti hiyo ni fedha ya kila mwezi. Kiwandani ninakofanya kazi tunapokea wanafunzi wa fildi (mafunzo kwa vitendo) kila mwaka, na swali ninalopenda kuwauliza ni hilo: kapasita zile zinafanya nini pale ukutani? Wengi wanajua fomula. Wachache wanajua kwamba mota haili nishati yote inayoivuta, sehemu inakwenda na kurudi kwa ajili ya kujenga sumaku, na kapasita inaipatia hapo hapo ili isisafiri kwenye nyaya. Huyo anayejua, hata GPA yake ikiwa ya kawaida, mafundi wanamwita kwa jina ndani ya wiki.

Sasa nikupe kipimo changu cha kuchagua masomo ya hiari. Mtu akiwa na laptopu na bando anaweza kujifunza Python, tovuti, hifadhidata, hata ujifunzaji wa mashine, akiwa chumbani kwake, akiwa na miaka 20 au 35. Hawezi kujifunza hivyo mota ya fezi tatu, rilei za ulinzi wa laini ya kilovolti 33, au jinsi ya kusoma osiloskopu, kifaa kinachoonyesha mawimbi ya umeme. Hayo yanataka maabara, vifaa ghali na mtu wa kukuzuia usijiue. Hesabu nzito nazo, ingawa vitabu vipo, ni wachache wanaozirudia peke yao baada ya kuanza kazi na kulea familia. Kwa hiyo chuoni jaza nafasi zako kwa yale usiyoweza kuyapata kwingine. Programu andika kila wiki kuanzia mwaka wa kwanza, lakini usitegemee somo la muhula mmoja likufanye mwandishi wa programu. Halijawahi kumfanya mtu.

Najua wa kompyuta mtanibishia hapa. Mtasema kazi ziko kwenye programu, waya ni za nini? Claude Shannon alihitimu shahada mbili mwaka 1936, ya uhandisi wa umeme na ya hisabati, na mwaka uliofuata, kwenye tasnifu yake ya uzamili pale MIT, alionyesha kwamba rilei za simu zinaweza kuelezwa kwa aljebra ya Boole. Mantiki ya kidijitali unayoisoma leo imesimama juu ya kazi hiyo. Ilimpasa ajue rilei na ajue aljebra. Na kama unataka tu kuandika programu, na hakuna ubaya wowote katika hilo, basi sayansi ya kompyuta ni ya miaka mitatu katika vyuo vyetu vingi. Usijitese mwaka wa ziada na somo la mawimbi ya sumakuumeme kwa sababu neno mhandisi linapendeza kwenye kadi ya harusi.

Jambo jingine la kupanga mapema ni usajili. Hapa Tanzania huwezi kujiita mhandisi mtaalamu kwa kuwa na cheti cha chuo tu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, inamsajili kwanza mhitimu, kisha anapitia miaka 3 ya kazi chini ya uangalizi, na tangu 2003 kuna mpango wa SEAP unaosimamia kipindi hicho. Ukitaka siku moja usaini michoro ya kituo cha umeme, njia ni hiyo. Kampuni za programu hazikuulizi mambo hayo. Basi kabla ya kuthibitisha udahili, hakikisha programu yenyewe inatambuliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) na pia na ERB. Zipo kozi zenye majina ya kuvutia ambazo wahitimu wake waligundua kasoro siku ya kuomba usajili, na siku hiyo hakuna wa kumlalamikia. Na kufunga umeme majumbani kuna leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, yenye madaraja. Digrii haikupi ruhusa moja kwa moja.

Fildi, yaani PT, wengi wanaichukulia kama likizo yenye posho. Mimi naiona ndiyo nafasi ya kujaribu kazi bila kuajiriwa. Ya kwanza nenda kwenye mikono michafu: karakana ya kusuka mota, fundi wa kufunga umeme kwenye majengo, hata fundi redio mwenye akili. Lengo ni ujue kushika maltimita, kulehemu bila kuunguza bodi, na kutambua waya bila kubahatisha. Ya pili tafuta mahali penye mfumo mzima: kituo cha kupozea umeme, kiwanda chenye mitambo inayojiendesha, kampuni ya simu. Siku hizi uwanja umepanuka. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, na treni za SGR zinatembea kwa kilovolti 25 juu ya reli. Ajira za huko hazijazi kila mhitimu, tusidanganyane, lakini mitambo hiyo inahitaji watu wa ulinzi wa mfumo, wa mawasiliano na wa programu za udhibiti, na hao hawapatikani kirahisi.

Fildi ya tatu iende kule unakofikiri utafanya kazi, na iwe chanzo cha mradi wako wa mwisho. Barua peleka mapema, miezi mitatu kabla, mkononi ikiwezekana. Logibuku, daftari la kumbukumbu za kazi zako, jaza kila jioni. Ninaposaini logibuku iliyoandikwa yote siku ya mwisho huwa naijua kwa rangi moja ya wino.

Kuhusu vifaa sina mengi. Bumu, yaani fedha za mkopo wa chuo, la kwanza likitoka usikimbilie laptopu ya bei ya pikipiki. Yenye RAM ya GB 8 inatosha. LTspice ya kuigiza saketi, KiCad ya kuchora bodi na Octave badala ya MATLAB zote ni bure. Maltimita ya kawaida, bredibodi na vipande vya Kariakoo vitakufundisha zaidi ya simu mpya.

Mradi wa mwaka wa nne ndio utakaoulizwa kwenye usaili, kwa hiyo uanze kuuwaza ukiwa fildi ya tatu. Kuwasha taa kwa ujumbe wa simu kumeshafanywa na kila darasa, tafadhali tuache. Tafuta kitu kidogo kinachosumbua mahali halisi na kinachopimika: pampu ya maji ya bweni inayoungua kila mara fezi moja ikikatika, transfoma ya mtaani inayozidiwa jioni, betri za sola za zahanati zinazokufa kabla ya muda wake. Pima kwanza wiki mbili kabla hujanunua hata waya mmoja, andika vipimo kwenye daftari, kisha mpelekee msimamizi wako daftari hilo badala ya kichwa cha habari cha mradi.