Kuhusu hasira, mwanangu

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikimsomea mama yako. Unauliza kama Mkatoliki anakosea akienda kukaa kimya na kutafakari kwenye hekalu la Wabudha pale Upanga, Dar es Salaam. Hilo kamuulize padri. Mimi nataka tuongee habari ya hasira, maana najua ndiyo inayokupeleka huko. Umeirithi kwangu, nami niliirithi kwa babu yako.

Kile kitabu cha Wabudha ulichokisahau Krismasi nimekisoma. Wanasema jicho au sikio likikutana na kitu, moyo huonja kwanza: kitamu, kichungu, au si hiki wala kile. Wanaita vedana. Kisha akili inakitambua kitu, inakifikiria, na mwisho mawazo yanazaana yenyewe bila kuagizwa. Niliposoma hapo nikakifunga, kwa sababu jambo hilo niliwahi kuliona mwenyewe Mwaloni, pale soko la samaki la Kirumba, Mwanza.

Habari ya mtumbwi wetu aliouuza baba yako mkubwa unaijua, siirudii. Ila asubuhi ile ya Kirumba sijawahi kukusimulia. Zilikuwa siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawakuingia ziwani, mitumbwi imevutwa nchi kavu na watu wanashona nyavu. Nikapita karibu na mmoja uliopakwa rangi ya bluu, mbichi bado inanuka. Ubavuni, karibu na tezi, kulikuwa na kiraka cha bati chenye misumari iliyopinda. Misumari ile niliigonga mimi, babu yako ameshika bati. Mwanangu, kifua kilibana kabla sijasema moyoni "huu ni wetu". Kabla ya jina la baba yako mkubwa, kabla ya bei aliyouzia. Ndipo likaja jina, zikaja hesabu, yakaja maneno niliyomtungia njia nzima mpaka Igogo. Maneno mengine ninayo mpaka leo, nayakumbuka neno kwa neno.

Buddha alisema asiyefunzwa akipatwa na maumivu ni kama aliyechomwa mshale, kisha akachomwa wa pili: wa kwanza wa mwili, wa pili wa moyo unaolia na kusononeka. Mtumbwi ulikuwa wa kwanza, na huo sikujirushia. Wa pili je? Kitabu kinataka niukubali kuwa wangu. Haya, ni wangu. Lakini nikiacha kukasirika, nani atakumbuka kwamba aliuza kitu kisicho chake? Hapo nilibishana nacho usiku mzima. Halafu naona hawamwambii mtu asahau, wanamwambia atazame. Ndiyo yale niliyowaambia tangu mkiwa wadogo: kukasirika si kosa, kosa ni kuilisha hasira.

Abhidhamma, yaani mafundisho ya Wabudha wa Theravada juu ya akili, inahesabu mambo 52 yanayoambatana na fahamu, na hasira imewekwa kundi moja na husuda, uchoyo na majuto. Uchoyo nakataa, mtumbwi ulikuwa wa familia. Husuda nimeifikiria zaidi, maana mwaka uleule ndugu yangu alijenga nyumba. Hapana, si husuda. Au labda siku za Jumapili, tukipita mbele ya nyumba ile.

Unasema mwalimu wako amekutaka umtakie mema baba yako mkubwa. Mbona mapema hivyo? Buddhaghosa, mtawa aliyeandika Sri Lanka katika karne ya 5, anaelekeza mtu aanze kujitakia mema mwenyewe, aende kwa anayempenda na kumheshimu, kisha kwa mtu asiyempenda wala kumchukia, ndipo afike kwa adui. Mimi nipo kwa huyo wa tatu. Nimemchagua kijana anayekata tiketi kwenye kivuko cha Kamanga, na kusema kweli siku hizi nikimwona nafurahi. Kukasirika si kosa, nimekwambia. Lakini sikujua kama furaha nayo inafundishika.

Uende usiende? Mama yako ananisukuma niseme, na neno ninalo mdomoni. Silisemi, wewe ni mtu mzima. Ila ukienda, niulizie kwa mwalimu: mtu akishamtakia mema aliyemdhulumu, anaruhusiwa kuendelea kumdai? Jibu nilipate kabla ya Pasaka, kwa sababu baba yako mkubwa ametuma ujumbe kwamba anakuja kula nasi.

Baba yako