Kerneli mpya ikiilalamikia programu ya zamani, soma kwanza inachosema

Kuna watu wakiona tu neno warning (onyo) kwenye dmesg, yaani amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, baada ya kupandisha kerneli, ile programu kiini ya Linux inayosimamia mashine nzima, siku imeshaharibika, mmoja anarudi kerneli ya zamani mwingine anafomati kabisa. Mimi kazi yangu ni kuhudumia seva za Linux za ofisi ndogo ndogo na hayo maonyo nakutana nayo kila nikiapdeti mashine, sasa nachotaka kuwaambia ni kwamba hayafanani, kuna la kukupa taarifa tu, kuna la kukupa muda ujiandae, na kuna linalokuambia programu imeshakufa.

Ujue kwanza msimamo wa wanaoitengeneza kerneli. Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, kwenye hili hana mchezo, programu iliyokuwa inafanya kazi ikigoma kwa sababu ya kerneli mpya, kosa linahesabiwa ni la kerneli. Mwaka 2011 walipotoka 2.6.39 kwenda 3.0 kuna programu zilizokuwa zinasoma namba ya toleo zikitegemea ianze na 2.6, zikagoma, basi wakaweka njia ukiianzisha programu kwa amri ya setarch na --uname-2.6 kerneli inajitambulisha kama bado ni 2.6. Yaani kerneli nzima inadanganya umri ili programu ya mtu isife.

Kwa hiyo ukiona mstari unaosema programu fulani inatumia 32-bit capabilities halafu mbele yake "legacy support in use", tulia. Zamani orodha ya ruhusa maalum ambazo programu inaweza kupewa ilikuwa inaingia kwenye biti 32, mwaka 2008 ikapanuliwa kuwa 64, na programu iliyokompailiwa kabla ya hapo bado inaongea lugha ya zamani na kerneli inaielewa vizuri tu. Kitu wengi hawajui, onyo hili linatolewa mara moja tu kwa kila buti, anatajwa wa kwanza aliyefanya hivyo, kwa hiyo ukimrekebisha huyo ukaona jina jingine baada ya kuriseti usidhani umeharibu kitu, huyo alikuwepo siku zote.

La pili ni hili la Wi-Fi, limeanza kerneli 6.3 ya 2023, na ukiwa na Ubuntu 24.04 unaweza kulikuta hata likisababishwa na brauza. Linasema programu inatumia wireless extensions, njia ya zamani ya kuongea na kadi ya Wi-Fi, ambazo "will stop working for Wi-Fi 7 hardware". Lisome mpaka mwisho bana! Kadi yako ya Wi-Fi 5 haiguswi, ila siku ukinunua laptopu yenye Wi-Fi 7 zile skripti zako za iwconfig, amri ya zamani ya Wi-Fi, hazitaiona, anza sasa hivi kuhamia kwenye amri mpya ya iw.

La tatu ndilo linaloumiza. Ofisi moja walikuwa na programu ya mahesabu ndani ya kontena (kifurushi cha programu na mafaili yake yote) la CentOS 6, Linux ya zamani, tukahamishia kwenye seva mpya ya Debian, aina nyingine ya Linux, kontena likawa linakufa hapohapo na namba 139, yaani imeangushwa kwa kugusa memori isiyoruhusiwa, logi za Docker, programu inayoendesha makontena, tupu, kila mtu analaumu Docker. Jibu lilikuwa kwenye dmesg ya seva yenyewe: "vsyscall attempted with vsyscall=none". Kontena ni mpangaji tu, kerneli ni ya mwenye nyumba, na glibc ya CentOS 6, maktaba ya msingi inayotumiwa na karibu kila programu, ikitaka kujua saa inaenda kwenye anwani moja ya memori isiyobadilika, ndiyo hiyo vsyscall, ambayo Debian wameshaifunga, kwa sababu anwani isiyobadilika ni zawadi kwa mdukuzi.

Ukitaka kujua kerneli yako ikoje kabla hujahama, fanya grep (kutafuta neno) ya LEGACY_VSYSCALL kwenye faili la config lililoko /boot, uangalie mstari unaoishia na =y. Ikisema XONLY au EMULATE kontena litaendelea kufanya kazi, ikisema NONE ndio unaweka vsyscall=emulate kwenye mstari wa GRUB, programu inayoiwasha kerneli, unafanya update-grub, unariseti, na programu inaamka. Sisi tulifanya hivyo ili watu walipwe mishahara yao, ila sikuiacha hivyo, maana umefungua mlango wa seva nzima kwa ajili ya programu moja, na CentOS 6 yenyewe haipati marekebisho ya usalama tangu Novemba 2020.

Mtafute aliyeiandika aikompaili upya kwenye mfumo unaopata apdeti. Kama hapatikani, itoe kwenye kontena uiweke kwenye mashine pepe, kompyuta ya kuigiza ndani ya seva, yenye kerneli yake ya zamani, ikatie intaneti, iachie ile poti moja tu wanayoitumia watu wa uhasibu, halafu rudi kwenye GRUB ufute ule mstari.