Jibu: Nyumba ya NHC (Shirika la Nyumba la Taifa) na msaada wa kodi hapa Tanga

Salaam dada. Umeuliza, wewe mama lishe wa Ngamiani ambaye mwenye nyumba wako anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, uanzie wapi kupata msaada wa kodi au nyumba ya serikali.

Msaada wa kodi wenyewe haupo kwa mpangaji wa kawaida, usipoteze nauli. Kilicho karibu ni ruzuku ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) kwa kaya maskini, nayo haiombwi kwa dalali, majina huibuliwa kwenye mkutano wa mtaa. Muulize mwenyekiti wako kwanza.

Nyumba sasa. Watu huchanganya TBA (Wakala wa Majengo) na NHC. TBA kazi yake hasa ni watumishi wa umma, kwa hiyo wewe nenda NHC, ofisi ya mkoa. Chukua kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa na chochote kinachoonyesha kipato. Leseni au kitambulisho cha mjasiriamali kinasaidia. Andika barua ya maombi, acha nakala, wagonge muhuri wa kupokea kwenye ya kwako. Bila muhuri, ukirudi utaanza upya.

Halafu kuna kilemba, yaani pesa ya kununua nafasi ya mpangaji. Utafuatwa na mpangaji anayehama, akuuzie "nafasi" yake kimya kimya. Usitoe hata shilingi! Mkataba unabaki na jina lake, na shirika haliruhusu mpangaji kumpangishia mwingine. Siku ya ukaguzi vyombo vyako ndivyo vitakavyotolewa nje, sufuria na majiko yote.

Nafasi zenyewe ni chache, wakati unasubiri mbembeleze mwenye nyumba akubali miezi mitatu mitatu, kwa maandishi.